Miezi Sita ya Kiberiti

Chumba cha kufulia cha hospitali kilikuwa na wanawake saba na mzee mmoja wa toroli, na wote, kabla hata ya kusalimiana asubuhi, walimwangalia kwanza msimamizi wao usoni. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa kwenye karatasi za ofisini tu. Wao walimwita Kiberiti.

"Leo kikavu au kimelowa?" mkunja mashuka alikuwa akinong'ona.

Mzee wa toroli alikuwa akichungulia mlangoni, kisha anarudi akivuta miguu. "Kikavu, binti yangu. Kikavu kabisa. Kaa mbali."

Kwa kazi, lakini, hakuna aliyemfikia. Alijua kuwa damu kwenye shuka hutolewa kwa maji baridi, ukitia ya moto umeipika. Alijua kwa mlio tu kwamba mashine ya tatu imejazwa kupita kiasi. Gauni za chumba cha upasuaji alizikagua mwenyewe, moja moja, akiziinua kuelekea dirishani kutafuta tundu. Hakuna daktari aliyewahi kulalamika. Ila siku moja alimrushia mkunja mashuka ndoo tupu kwa sababu ya foronya mbili za wodi ya wazazi zilizochanganyika na za watoto. Ndoo ikagonga ukuta, ikapasuka. Kesho yake akaja na ndoo mpya kutoka nyumbani kwake, akaiweka chini bila kusema neno, akaenda zake. Hiyo ndiyo ilikuwa samahani yake, na watu wake walishaizoea.

Nyumbani alikuwa na mtoto mmoja wa miaka tisa, wa kike, mwenye doa jeusi juu ya mdomo lililompa jina la Kidoti. Baba wa mtoto alikwenda mji mwingine kutafuta kazi, akapata kazi na mke. Kiberiti hakumlilia. Alikuwa na kiapo kimoja tu tangu mimba: mwanangu hatapigwa fimbo. Na kweli, fimbo haikuwahi kuvuka kizingiti cha nyumba ile.

Alhamisi moja alirudi mchana, amefanya zamu mbili mfululizo, miguu imevimba hadi viatu vimeacha alama. Alimkuta Kidoti amekaa nje kwenye ngazi. Mtoto alikuwa amevuta mlango ukajifunga, na funguo zimebaki ndani.

"Nilisahau, mama."

Ilichukua saa nzima kumpata fundi wa kufuli, na saa nzima hiyo Kiberiti alisimama juani bila kusema kitu. Majirani walioketi barazani walianza kuingia ndani mmoja mmoja, wakijifanya wana shughuli. Mlango ulipofunguka akamtanguliza mtoto. Mezani palikuwa na birika la umeme. Hakukumbuka kuuchomoa waya wake. Alichokumbuka baadaye ni kwamba Kidoti hakulia. Alisimama wima, mikono imenyooka ubavuni, macho kwenye kona ya meza, midomo ikichezacheza. Alikuwa anahesabu. Kiberiti alipoishiwa pumzi na kusimama, mtoto aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia mvua, "Imeisha?"

Kiberiti akauangalia mkono wake, akauona waya.

Ijumaa, kabla ya saa nne, aliitwa shuleni.

Ofisini kwa mwalimu mkuu aliwakuta watu wanne: mwalimu mkuu mwenyewe, mwalimu wa darasa, mama mkwe wake, na mwanamke mwenye faili na miwani ya kusomea. Huyo alikuwa afisa wa ustawi wa jamii.

"Alikataa kukaa kwenye dawati," alisema mwalimu wa darasa, akiongea na sakafu. "Nikadhani ni ukaidi. Nikamvuta sketi nimkalishe…" 

"Mtoto wangu nimemzaa mwenyewe," alisema Kiberiti.

"Hilo hatubishani nalo," alisema afisa.

Mama mkwe, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi, alikuwa ameshika mkoba mapajani kwa mikono miwili. "Mwanangu mimi alikuwa mtoro, najua, na simtetei," alisema. "Lakini mjukuu wangu leo analala kwangu."

Waliongea zaidi ya saa moja. Mwisho afisa alifunga faili. "Mtoto atakaa kwa bibi yake miezi sita. Wewe utamwona kila Jumamosi, bibi akiwepo. Na kila Jumatatu saa tisa utaonana na mnasihi pale hospitalini unapofanyia kazi. Ikiisha miezi sita tutakaa tena."

"Mnasihi? Kwani mimi kichaa?"

"Ungekuwa kichaa nisingepoteza muda kukueleza," alisema afisa, akavua miwani. "Nakueleza kwa sababu una akili zako timamu, na hilo ndilo linaloniuma."

*

Chumba cha mnasihi kilikuwa mwisho wa ujia, katikati ya stoo ya magongo ya wagonjwa na chumba cha picha za mifupa. Kulikuwa na viti viwili vya plastiki, meza ndogo, jagi la kioo na kalenda ya mwaka juzi. Na mnasihi mwenyewe! Kiberiti alitegemea mama mtu mzima, mwenye mvi za heshima. Akakuta msichana, pengine miaka ishirini na sita, mwenye kalamu nne mfukoni na chunusi kidevuni.

"Karibu, dada. Jisikie huru."

"Mdogo wangu, una watoto wangapi?"

"Sina."

"Umeolewa?"

"Bado."

"Haya," alisema Kiberiti, akakunja mikono. "Nifundishe kulea."

Jumatatu tatu zilikwenda hivyo. Aliingia saa tisa kamili, akakaa, akaangalia kalenda ya mwaka juzi hadi saa kumi. Akiulizwa anajibu "ndiyo" na "hapana". Aliporudi chumba cha kufulia wenzake walimchungulia, na siku ya tatu mzee wa toroli alijitia ujasiri akauliza: "Wanakufanyaje huko? Wanakupiga sindano?"

"Wananikalisha kwenye kiti cha plastiki."

"Basi dawa kali hiyo," alisema mzee, na mkunja mashuka akacheka hadi akajificha nyuma ya mashuka.

Jumamosi zilikuwa mbaya zaidi. Mama mkwe alimkaribisha sebuleni kama anavyokaribishwa mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme. Kidoti alikaa kwenye kochi la mbali, magoti yameshikana, anajibu vizuri kila anachoulizwa. Shule nzuri. Chakula kizuri. Bibi mzima. Ukimwona ungesema ni mtoto mwenye adabu sana, na Kiberiti, aliyewahi kuwa mtoto mwenye adabu kama hiyo, alijua ni ya namna gani. 

Jumatatu ya nne mnasihi hakumuuliza habari za Kidoti. Aliuliza hivi: "Ulipokuwa na miaka tisa, ulikuwa unaishi na nani?"

"Na shangazi."

"Alikuwaje?"

"Mkali."

"Mkali vipi?"

Kiberiti alicheka kidogo. Akaanza kueleza kwa sauti ile ile anayotumia kutoa taarifa za mashuka yaliyopungua. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka sita. Baba yake, fundi saa, alimpeleka kwa dada yake. Nyuma ya nyumba ya shangazi kulikuwa na stoo ya mkaa isiyo na dirisha. Ukivunja kikombe, siku moja humo ndani. Ukijibu kwa kuchelewa, siku mbili. Ukilia humo ndani, hesabu inaanza upya. Na kabla ya stoo kulikuwa na waya wa pasi. Shangazi aliuchomoa kwenye pasi mbovu, akautundika msumarini karibu na mlango wa jikoni, pale ambapo watu wengine hutundika kanga.

"Ulikuwa unafanya nini akikupiga?"

"Nilikuwa nahesabu."

Neno lilipomtoka alilisikia mwenyewe. Mnasihi naye alilisikia, kwa maana Kidoti alikuwa amemweleza afisa kuhusu kuhesabu, na habari hizo zilikuwa ndani ya faili.

"Nani mwingine alijua?" aliuliza mnasihi, taratibu.

"Usiniulize hilo."

"Baba yako alikuwa anakuja kukuona?"

Kiberiti aliipiga meza teke. Jagi liliruka, likagonga ukuta, maji na vioo vikatapakaa hadi chini ya kalenda. Nesi wa chumba cha picha alifungua mlango bila kubisha. Mnasihi alikuwa amesimama, ameegemea ukuta.

"Tuko salama," alimwambia nesi. "Tafadhali tuachie mlango wazi."

Kisha akamgeukia Kiberiti. Sauti yake haikuwa imara, na hakujisumbua kuificha. "Umenitisha, dada. Nakwambia ili ujue. Sitaki uondoke hapa ukidhani hukunitisha. Jumatatu ijayo saa tisa nitakuwepo."

Maisha yake yote watu walikuwa wamemkimbia au wamemvumilia. Hakuna aliyewahi kumwambia kwa utulivu, umenitisha, kisha akampa saa ya kurudi. Kiberiti alipiga magoti akaanza kuokota vioo, kimoja kimoja, akiviweka kwenye kiganja. Mnasihi akapiga magoti upande wa pili. 

Jumatatu iliyofuata alikuja na jagi la plastiki. "Hili halivunjiki," alisema, akaliweka mezani. Halafu akasema neno ambalo hakuwahi kulisema ndani ya chumba cha kufulia. "Samahani."

*

Tangu hapo aliongea. Kuna siku aliongea hadi saa kumi na moja, na mgonjwa mwingine akangoja nje akipiga miayo. Usidhani aliongea na kujisikia mwepesi. Aliondoka pale amechoka kuliko akitoka zamu mbili, na mambo aliyokuwa ameyafungia yalimfuata hadi kazini. Harufu ya mkaa kutoka kibanda cha jirani ilimtapisha. Mnasihi alimwambia mapema: itauma zaidi kabla haijapungua. "Ungeniambia siku ya kwanza nisingerudi," alijibu Kiberiti. "Ndiyo maana sikukwambia," alisema msichana, na kwa mara ya kwanza wakacheka pamoja.

Alifundishwa kuitambua hasira kabla haijafika mkononi. Yake ilianzia kwenye taya, ikashuka mabegani, kisha viganja vikapata joto. Ikifika viganjani, aondoke. Asijibu, asieleze, aondoke tu.

Ilimjia siku mzee wa toroli alipopeleka fungu zima la gauni za upasuaji kwenye wodi isiyo yake, na daktari wa upasuaji akapiga simu mwenyewe, akibwata. Kiberiti alikata simu. Taya likakaza. Mabega yakapanda. Mkunja mashuka akarudi nyuma hatua moja. Mzee alisimama na toroli lake tupu, ameinamisha kichwa kama mtu anayengoja kunyolewa.

Kiberiti alitembea moja kwa moja hadi kwenye beseni la kulowekea, akatumbukiza mikono hadi viwikoni kwenye maji baridi yaliyogeuka waridi kwa damu ya mashuka, akakaa hivyo dakika tano. 

"Mzee wangu," alisema hatimaye, bila kugeuka, "wodi ya upasuaji iko kushoto."

"Kushoto, mama. Kushoto. Nimeelewa."

"Haya, kazirudishe."

Alipotoka, mkunja mashuka alimnong'oneza mwenzake: "Kimelowa!" Kiberiti alisikia, akarudi kwenye mashine ya tatu.

Watu wakaanza kusema amebadilika. Alichukia kusikia hivyo. Akiwa peke yake aliona kwamba hasira haikuondoka popote. Imehama tu anwani. Zamani ilikuwa imetawanyika kwa kila mtu, kwa mkunja mashuka, kwa fundi wa kufuli, kwa mtoto wake. Sasa ilijikusanya yote, ikatazama upande mmoja. Shangazi alikuwa amekufa miaka kumi iliyopita, na kaburi huwezi kulihoji. Alibaki baba.

"Unataka kwenda kumwona?" aliuliza mnasihi, mwezi wa nne.

"Nataka aseme samahani."

"Na asiposema?"

"Atasema. Ni mzee sasa. Wazee hulainika."

Mnasihi aliizungusha kalamu yake mezani. "Nenda," alisema. "Ila uende ukijua kwamba unaweza kurudi mikono mitupu."

*

Baba yake aliishi katika chumba nyuma ya kibanda chake cha zamani cha kutengenezea saa. Macho yalikuwa yameanza kumtupa, lakini bado aliketi kila siku kwenye meza ile ile, amebana lenzi kwenye jicho la kulia, akifungua saa ambazo wenyewe hawakuzirudia tena. Mtu huyu alikuwa na uwezo wa kuona chembe ya vumbi ndani ya saa ya mkono ya kike. Watu walitoka mbali kumletea.

"Ah, mwanangu! Umekonda. Umekula?"

"Nimekula, shikamoo baba."

"Marahaba. Kaa. Ondoa hilo sanduku ukae."

Alikaa. Alikuwa ameyapanga maneno yake njia nzima, na yote yakapotea. Akasema tu: "Baba, shangazi alikuwa ananipiga kwa waya."

Mzee hakuinua kichwa. Kibano chake kilikuwa kimeshika skrubu ndogo kama punje ya mchanga, na kiliendelea kuishika.

"Alikuwa ananifungia stoo," alisema Kiberiti. "Siku mbili. Bila maji."

"Najua."

Alidhani hajasikia vizuri. "Unasemaje?"

"Nilijua." Mzee aliiweka skrubu kwenye kifuniko cha chupa, taratibu, isipotee. "Ulikuwa unavaa sweta wakati wa joto. Nilijua tangu mara ya kwanza."

Miaka yote, katika mawazo yake, baba alikuwa hajui. Alikuwa amemtetea hivyo: hakuona, alikuja mara moja kwa mwezi tu, alikuja na sabuni na madaftari, alikaa nusu saa, angeonaje? Juu ya kutokujua kule alikuwa amejenga mapenzi yote aliyobaki nayo kwa mzee huyu.

"Ukajua, ukaniambia 'msikilize shangazi yako'. Kila mwezi. Ukinishika kichwa hivi."

"Ningesema nini? Ningesema, angekurudisha kwangu. Na ningekulaza wapi? Mimi nilikuwa nalala hapa hapa, chini ya meza hii. Kule ulikuwa unakula, unasoma. Nilikwambia umsikilize ili asikuzidishie."

"Ungenilaza chini ya meza."

"Mtoto wa kike? Chini ya meza?"

"Ningelala, baba. Ningelala kwa furaha."

Mzee alivua lenzi, akapangusa jicho kwa ncha ya shati. Halikuwa chozi, ni kawaida yake tu. "Mambo ya zamani hayo, mama. Wengi walikua hivyo. Na wewe tazama, una kazi serikalini, watu kadhaa chini yako. Ungeharibika, hapo ningejilaumu."

Taya. Mabega. Kiberiti alisimama kabla joto halijafika viganjani.

"Mjukuu wako ana miaka tisa," alisema. "Nimempiga kwa waya. Amechukuliwa. Ana miezi minne hayupo kwangu."

Mzee alishtuka sasa, kweli. "Yuko wapi?"

"Kwa bibi yake. Aliona alama mara moja tu, akamchukua siku hiyo hiyo. Ana chumba kimoja na sebule. Mtoto analala kwenye kochi."

Alingoja. Alijipa muda wa kuhesabu hadi ishirini, kwa ustadi wake wa utotoni. Baba yake alikisogeza kifuniko chenye skrubu mbali na ukingo wa meza. Halafu akauliza, kwa sauti ndogo, "Nikuwekee chai?"

Aliondoka bila kuaga.

Jumatatu alimwambia mnasihi yote, na safari hii alilia, kilio kibaya cha mtu mzima, pua na mate, hadi akaomba dirisha lifunguliwe. "Heri asingejua," alirudia. "Kwa nini hakunidanganya? Angeniambia hakujua, ningemwamini. Nilishamwamini miaka thelathini!"

"Kwa sababu umemuuliza," alisema mnasihi.

"Na samahani yangu iko wapi?"

Msichana alimmiminia maji. "Pengine haipo," alisema. "Pengine itabidi upone bila hiyo. Sijui kama inawezekana kwa ukamilifu, dada. Nisikudanganye. Nimeona watu wakipona nusu na wakaishi."

"Nusu," alisema Kiberiti, akapenga kamasi. "Nimekuja huku kila wiki kwa ajili ya nusu."

Lakini aliendelea kuja.

*

Miezi sita ilipotimia walikaa tena, safari hii ofisini kwa afisa wa ustawi wa jamii. Kiberiti alikuwa amejiandaa kama bibi harusi. Wiki nzima alipaka rangi chumba cha Kidoti, akatandika shuka alilolinyoosha mwenyewe hadi likasimama. Birika la umeme alikuwa amelitupa siku nyingi. Maji alichemsha kwenye sufuria. Ripoti ya mnasihi ilisomwa kwa sauti. Ilikuwa nzuri. Hata mama mkwe aliitikia kwa kichwa akisikiliza, akakubali kwamba Jumamosi za siku hizi ni za amani na kwamba mara mbili mtoto amekaa karibu na mama yake.

"Basi kwa upande wetu hakuna kizuizi," alisema afisa. "Ila tumuulize mwenyewe. Kidoti, mama yako anataka urudi nyumbani. Wewe unataka nini? Hakuna jibu baya hapa."

Kidoti alimwangalia bibi yake, kisha mama yake. Alikuwa amerefuka. Doa la juu ya mdomo lilichezacheza kabla hajaongea, na Kiberiti akaogopa kwamba anahesabu. Hakuwa anahesabu. Alikuwa anatafuta maneno.

"Mama siku hizi hapigi kelele," alisema. "Nampenda. Lakini nikiwa nyumbani nilikuwa nasikiliza mlango. Akija najua kwa viatu kama amekasirika. Kwa bibi sisikilizi mlango." Akamgeukia mama yake. "Sitaki kurudi. Bado."

 Feni ilizunguka darini. Afisa aliandika. Mama mkwe aliangalia mkoba wake. Watu wazima watatu walikuwa wamenyamaza kwa ajili ya maneno ya mtoto wa miaka tisa, na kila mmoja alikuwa anayapima kana kwamba yametoka kwa hakimu.

Kiberiti alilisikia taya likikaza. Aliviona viganja vyake juu ya magoti, vimefumba.

"Mama Kidoti," alisema afisa, "una haki ya kupinga. Tunaweza kupanga kurudi kidogo kidogo, mwisho wa wiki kwanza…"

"Mmemuuliza, amejibu," alisema Kiberiti. "Mimi mnaniuliza nini tena?"

"Kama unakubali."

"Abaki." Sauti ilimtoka kavu. Alimgeukia mtoto. "Nitakuja Jumamosi. Nije, nisije?"

"Uje," alisema Kidoti. "Uje na ile sketi yangu ya bluu."

"Nitaileta."

Nje, mlangoni, mama mkwe alimshika mkono kwa mara ya kwanza tangu mambo yale yaanze. "Umefanya jambo la kiutu, mwanangu," alisema. Kiberiti aliuondoa mkono wake taratibu. Hakutaka kusifiwa. Alirudi nyumbani kwenye chumba kilichonuka rangi mbichi, akatoa shuka kitandani, akalikunja pembe kwa pembe, akaliweka kabatini.

Jumatatu saa tisa alikuwa kwenye kiti cha plastiki. Mnasihi alishangaa kumwona. Alikuwa ameshalifunga faili, na mbele yake kulikuwa na jipya, la mtu mwingine.

"Dada, muda wako uliopangiwa umeisha. Si lazima uje tena."

"Najua si lazima. Huyo mtu wako anakuja saa ngapi?"

"Saa kumi."

"Basi nina saa nzima." Kiberiti aliweka begi lake sakafuni, akajimiminia maji, akanywa yote. "Nimekuja kukwambia kitu kibaya. Sijamwambia mtu, na ukinishangaa naondoka."

"Sitakushangaa."

"Pale ofisini, mtoto aliposema hataki, wote wakanyamaza. Afisa akaandika. Unajua nilihisi nini? Hasira ilikuja, ndiyo, ikapita. Uchungu ukaja. Lakini chini yake kabisa, mdogo wangu, kulikuwa na kitu kingine." Aliyaangalia mashavu ya msichana yule, chunusi yake ya kidevu, kalamu zake nne. "Nilimwonea wivu. Mwanangu mwenyewe, wa tumbo langu. Nilimwonea wivu kwamba ameulizwa."

Mnasihi alilisukuma pembeni lile faili jipya, akavuta karatasi tupu.

"Endelea," alisema.

Na Kiberiti, akiwa amekaa wima, mikono imelegea mapajani, akaanza tena tangu siku baba yake alipomshusha mlangoni kwa shangazi na kumwambia waagane vizuri.